Miaka Yangu ya Kulia Redioni

Marahaba, waigizaji nyote kwa pamoja, maana Rehema kanifikishia shikamoo zenu zikiwa zimefungwa furushi moja. Huyo Rehema mwenzenu ni mjukuu wangu, na ndiye aliyenikalisha juzi mbele ya televisheni nimwone anavyocheza tamthilia. Kacheza binti mwenye sonona. Nikamtazama. Kavunja sahani sita, kavunja kioo, katoka mbio mvuani, kaanguka chini, na rangi ya mdomo ipo pale pale. Sehemu iliyofuata mchumba wake karudi kutoka safari, kamshika mkono, na binti kapona kabla ya tangazo la sabuni.

Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, zile sahani za nani?"

Akanuna. "Bibi, sasa wewe unajua nini kuhusu sonona?"

Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Najua kidogo, na hicho kidogo nilikipata kwa aibu. Enzi za Mwingereza, mama zenu hawajazaliwa, mie niliwadanganya watu kuanzia Temeke mpaka Bunju kuhusu maradhi hayo hayo, kila Jumatano, tena bila kuvunja hata kikombe. Nilikuwa nimeajiriwa kulia redioni.

Msicheke. Au chekeni, lakini msome.

Temeke ya wakati ule ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba za udongo, na habari ya msiba ilifika kwa masikio kabla haijafika kwa miguu. Kwenye misiba mie nilikuwa na jina. Wengine wamejaliwa kupika, wengine kuimba. Mie nilijaliwa koo. Siku moja akaja mazikoni Mwalimu Benedikto, mtu wa bara, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, aliyekuwa ameacha ualimu ili aandike michezo ya redio. Akasikia sauti inatoka uani kwa wanawake. Akauliza, "Nani yule?"

Akaambiwa, "Yule Tatu, mke wa Shomari fundi baiskeli. Akilia yule, hata marehemu hujiona alipendwa."

Kesho yake kaja nyumbani kuniomba kwa mume wangu. Shomari, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Akauliza, "Atalia nini huko?"

"Atalia huzuni," akasema Mwalimu.

Shomari akajaza upepo gurudumu la mteja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaridhika nalo, akasema, "Basi mchukueni. Hapa nyumbani hakuna anayemsikiliza."

Sasa shikeni ufundi, maana huu hamtafundishwa shuleni. Machozi hayasikiki redioni. Wiki ya kwanza nilikwenda na kitunguu kwenye mkoba, nikakimenya, nikatoa machozi mpaka karatasi ya mchezo ikalowa nisione maneno, na Mwalimu aliyekuwa ng'ambo ya kioo akasema, "Bi Tatu, mbona huanzi kulia?" Kinachosikika ni pua. Pua na pumzi. Unavuta pumzi kwa vipande vitatu kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, kisha unasema neno lako kwa pumzi iliyobaki. Ukifika kwenye ukelele, geuza uso ukutani. Mie siku ya kwanza sikugeuza. Fundi mitambo wetu, Bwana Mathias, alikuwa na kisanduku chenye mshale wa kupima sauti. Nilipopiga ule ukelele mshale ulikwenda ukagonga ukingo, haukurudi. Waliufungua kwa bisibisi.

Na mchezo ulikwenda hewani hapo hapo, hakuna cha kurudia wala kukata. Ukikosea, umekosea mbele ya nchi nzima. Mwezi wa pili karatasi zangu zilichanganyika, nikaangua kilio cha matanga katikati ya harusi. Ngoma inapigwa, vigelegele vinapigwa, mie nalia kama nyumba imeungua. Bwana Athumani, aliyecheza kama mume wangu, ndiye aliyeniokoa. Akasema, hata karatasini haimo, "Jamani, mama wa bwana harusi kafurahi kupita kiasi!" Nilisikia baadaye kwamba huko Kawe wako kina mama walioiga, wakaona ndiyo harusi za kisasa zinavyofanywa.

Huyu Athumani niwaeleze, maana naye yumo katika somo. Mwalimu alimwandikia kwamba ni mtu wa wasiwasi, kila kitu anaogopa. Basi Athumani akauigiza wasiwasi kwa meno. Aliyagonganisha mbele ya maikrofoni, na Bwana Mathias akagonga vifuu viwili vya nazi chini ya meza yawe magoti yanayotetemeka. Watu walikufa kwa kicheko. Kumbe Athumani huyo huyo, kabla taa nyekundu ya kwenda hewani haijawaka, ameshakwenda msalani mara nne na ameniuliza mara tatu kama mlango umefungwa vizuri. Kuna siku alirudi kwa miguu mpaka Magomeni kutazama kama amezima mkaa ambao aliuzima asubuhi, mbele ya mkewe, kwa maji. Akarejea anatweta, mchezo umebakiza dakika mbili kuanza.

Nikamwambia, "Athumani, ndugu yangu, wewe nawe una wasiwasi."

Akakasirika kweli kweli. "Wasiwasi? Umeshawahi kunisikia mie nikigonga meno?"

Nilicheka. Sikujua kwamba yangu yalikuwa njiani.

Mie nilicheza Mwanahawa. Mwanahawa alifiwa na mama, akaibiwa mbuzi, akaletewa mke mwenza, yote ndani ya wiki tatu, kwa hiyo akaingia huzuni. Nyie leo mnasema sonona. Sie tulisema huzuni, au moyo mzito, au tukasema fulani karogwa tukaendelea na kazi. Mwalimu hakuwahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo, nami sikuwahi, basi tukakubaliana kwamba mtu mwenye huzuni kubwa hulia sana. Hesabu ilionekana sawa. Kila Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni, Mwanahawa akawa analia. Alilia akisonga ugali, alilia akichota maji, alilia akiulizwa saa.

Watu walinipenda mpaka ikawa kero. Shangazi yangu alipofariki, huyo aliyenilea, nikalia kilio changu mwenyewe, na nikaona uwanja mzima umenyamaza. Nikafikiri wananionea huruma. Kumbe wanasikiliza. Mwanamke mmoja pembeni yangu akamnong'oneza mwenzake, "Hapo hapo, kama Jumatano." Nikashindwa kuendelea. Ikabidi nikae kimya kwenye msiba wa shangazi yangu kwa kuogopa kusifiwa.

Sasa nije kwa Ami Nassor.

Redio hazikuwa nyingi. Kwetu sie watu walisikilizia dukani kwa Ami Nassor, Mwarabu wa hapa hapa, duka lilikuwa la babu yake. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati ua wenye ukuta mrefu ambamo mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akikaa. Redio ya betri ilikuwa juu ya rafu, waya wake umepanda mpaka juu ya bati, na Jumatano Ami hakumpimia mtu kitu mpaka nimalize kulia.

Asubuhi moja nimekwenda kununua sukari. Karibu na mlango, upenuni kwake, alikuwapo Bi Siwema, jirani wa ukuta mmoja na Ami, mkaanga vitumbua. Pale upenuni alikuwa akikaanga na habari za watu humo humo. Ami aliponiona akaweka mkono kifuani.

"Bi Tatu, jana umenichoma moyo. Ile ndiyo huzuni. Ile ndiyo inaitwa maradhi."

Nikashukuru, nikajiona mkubwa.

"Si kama huyu wangu," akasema, akaonyesha kwa kidevu kuelekea uani. "Mwezi wa tatu huu, hapiki, hasuki nywele, hanisemeshi. Nikimwuliza ana nini, hasemi. Nikafikiri labda ana huzuni. Lakini nakusikiliza wewe kila Jumatano, nikilinganisha naona sivyo. Hajatoa hata chozi moja. Hakufiwa, hakupigwa, mke mwenza hana. Basi hiki si kitu, ni kiburi. Nimewaandikia ndugu zake wa Kilwa waje wamchukue."

"Unamwacha, Ami?"

"Wakifika nitawaambia."

Bi Siwema, bila kugeuza uso kutoka kwenye karai, akasema kwa sauti ya kufika kwa Bi Zuwena bila kupandishwa, "Mwanamke anakula tende ndani ya ukuta wa mawe, atahuzunika kwa lipi? Ama karogwa, ama anajidai."

Wajukuu, nilisimama pale na mfuko wangu wa sukari nisiujue uzito wake. Nilikuwa nimekwenda kununua kitu cha chai, na nimeambiwa kwamba kilio changu kimepimwa kama ratili, mwanamke wa watu kawekwa upande wa pili, kapungua.

Nikamwomba Ami niingie kumsalimu mkewe. Akasema, "Ingia, labda wewe fundi utamfungua."

Bi Zuwena nilimfahamu. Alikuwa mwanamke wa maneno, mcheshi, ulimi mkali kama kisu. Nilimkuta amekaa uani kwenye mkeka, ungo mapajani, mchele ndani ya ungo, na mkono wake ndani ya mchele. Hapeti. Mkono umewekwa tu, kama mtu aliyeusahau mahali. Kikombe cha chai pembeni kimeota ngozi juu.

"Hodi, Bi Zuwena. Hujambo, mwenzangu?"

Kimya.

Nikasema habari za nyumbani. Nikasema habari za mvua. Nikasema ya binti wa mtaa wa pili aliyeolewa, na mahari, na mvua iliyowanyeshea. Nilikuwa nimefika kwenye viatu vya bwana harusi aliposema, polepole, "Sijambo." Lile lilikuwa jibu la hujambo yangu ya mwanzo. Lilikuwa njiani muda wote huo.

Basi nikafunga mdomo, jambo ambalo mume wangu alikuwa akilitamani kwa miaka. Nikakaa. Nikaona kitu kimoja: ukimngoja, anafika. Ila safari yake ndefu.

Nikamwuliza, "Unaumwa wapi?"

Nikangoja. Kuku akapita mbele yetu, akazunguka ua mzima, akarudi.

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Umefanya kazi gani leo?"

Kuku akapita tena.

"Nimeamka," akasema.

Hakuna pua. Hakuna kwikwi. Sauti yake ilikuwa kavu kama kifuu. Nilitoka pale nikapita mbele ya Ami bila kuaga, nikamwambia Shomari anipakie nyuma ya baiskeli anipeleke mjini siku hiyo hiyo, na siku hiyo haikuwa Jumatano. Shomari hakuuliza kitu mpaka tumefika Keko. Akauliza tu, "Kuna mtu kafa?"

Nikasema, "Bado."

Mwalimu Benedikto akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani na kuifuta. "Bi Tatu, unataka Mwanahawa asilie?"

"Nataka akae kimya. Aulizwe kitu, akae, akae, halafu ajibu."

"Kwenye redio?"

"Kwenye redio."

"Redio haina kimya, mama. Redio ikinyamaza, imeharibika." Na kweli palikuwa na amri ya Mzungu mkuu wa redio, yule wa ghorofani: sauti ikikatika, fundi mitambo asingoje kuulizwa, aweke santuri ya bendi mara moja, watu wasije wakadhani serikali imeondoka. Bwana Mathias alikuwa mtu wa amri. Santuri ile ilikaa tayari karibu na mkono wake kama maji karibu na mgonjwa wa homa.

Mwalimu lakini alikuwa mwalimu kweli. Aliniambia, "Kaa pale kwenye kiti, nifanyie huyo Bi Zuwena." Nikamfanyia. Alinisemesha, nikangoja, akaanza kujigusa shingo, akatazama dirisha, akasema, "Basi, basi, jibu!" Nikajibu. Akachukua kalamu akafuta ukurasa mzima wa kilio. Pale nilijua kwamba mtu anayefuta maneno yake mwenyewe ni mwandishi.

Jumatano ya kwanza tuliharibu. Athumani, kama mume, akaniuliza, "Mwanahawa, mbona hujala?" Nikanyamaza kama tulivyopatana. Nikahesabu moyoni. Nikafungua mdomo kusema kwa sauti ile kavu, "Nimechoka tu," na wakati huo huo Bwana Mathias mkono ukamwasha, akateremsha sindano. Nchi nzima ikasikia mwanamke anasema amechoka, na papo hapo bendi ya askari inaingia kwa matarumbeta na ngoma kubwa. Huko Temeke, Shomari aliniambia, watu dukani walisimama wakijua Gavana anapita.

Jumatano iliyofuata Mwalimu, huko ng'ambo ya kioo, hakukaa mahali pake. Alisogea mpaka mezani kwa Bwana Mathias, akamsalimu vizuri, akamwuliza hali ya watoto, akakalia santuri.

"Mwalimu, hapo umekaa pa kazi."

"Nimechoka miguu, ndugu yangu."

Taa nyekundu ikawaka. Athumani akaniuliza, "Mwanahawa, hujambo?" Nami nikanyamaza. Jamani, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kulia. Kulia una kitu cha kushika. Kunyamaza unasikia damu yako mwenyewe. Nilimwona Mathias anaunyosha mkono kuelekea Mwalimu, nikamwona Mwalimu anakazana kukaa, na nikasikia, kwa mbali nyuma ya kioo, kitu kinasema *ka!* Santuri ilikuwa imevunjika chini ya makalio yake. Nilikuwa karibu kucheka, na ningecheka, Bi Zuwena angekwenda Kilwa. Nikaufikiria ule mkono ndani ya mchele. Nikangoja. Athumani naye, masikini, kwa wasiwasi wake wa kweli, akawa anapumua kwa shida, na pumzi yake hiyo ndiyo wasiwasi wa kwanza wa haki kuwahi kutoka katika mchezo wetu. Hakugonga jino hata moja.

Yaliyotokea Temeke muda ule nilisimuliwa na Shomari, na Shomari hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alikuwa hatii hata kwenye chakula.

Redio iliponyamaza, Ami Nassor aliipiga kofi. Ikabaki kimya. Akaigeuza, akazitazama betri, akazipangusa kwa kanzu. Kimya. Watu wakaanza kutoa ushauri, kila mtu fundi. Bi Siwema akasema Tatu kafa kwa kulia, alijua yeye siku nyingi. Ami akaamua ni waya wa juu. Akaweka ngazi, akapanda na kanzu yake mpaka kwenye bati, akawa amesimama kule juu ameushika waya mkononi, na ndipo redio chini ikasema, kwa sauti kavu:

"Sijambo."

Athumani akauliza, "Unaumwa wapi?"

Kimya tena. Sasa watu chini walinyamaza nao. Hakuna aliyepiga redio kofi.

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Umefanya kazi gani leo?"

Kutoka kwenye bati lile, wajukuu, mtu anaona pande zote mbili. Mbele anaona wateja wake. Nyuma anaona ua wake. Bi Zuwena alikuwa pale chini kwenye mkeka, ungo mapajani, mkono ndani ya mchele.

"Nimeamka," ikasema redio.

Watu wakamwita, "Ami! Waya umekatika?"

Alikaa juu kule muda. Kisha akasema, "Waya mzima." Hakushuka kwa ngazi. Akateremkia upande wa pili, uani, kwa kushikilia ukuta, akachana kanzu, na duka likabaki wazi na watu ndani yake, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu enzi ya babu yake. Hakupotea hata kiberiti.

Ndugu wa Kilwa walifika baada ya siku chache, wanaume wawili wakubwa, nyuso zimekunjwa tayari kwa kesi. Nilikuwapo. Ami aliwapokea mlangoni, akawaketisha, akawapa kahawa.

Mkubwa wao akasema, "Barua yako tumeipata, shemeji. Umesema tuje tumchukue."

Ami akasema, "Niliandika vibaya. Nimewaita mje mtazame mgonjwa."

Wakatazamana. "Anaumwa nini?"

"Sijui jina lake," akasema Ami. "Lakini nimeuona."

Sasa nyie mnataka niseme kapona wiki iliyofuata. Hakupona. Huo ndio uongo wa pili wa michezo yetu na ya kwenu: tunamtia mtu ugonjwa kwa vishindo na kumponya kwa vishindo. Kwa Bi Zuwena hapakuwa na kishindo. Ami alimpeleka hospitali, akapewa dawa ya maji mekundu. Shehe akaja akamsomea, akampa kombe, maji yaliyooshewa aya, anywe. Ndugu mdogo alibaki mwezi mzima, akawa anakaa naye uani anasuka ukili wa mkeka bila kusema kitu. Ami mwenyewe alikuwa akifunga duka adhuhuri, anamenya chungwa, analiweka kwenye kisahani karibu naye, anangoja. Siku nyingine chungwa linaliwa kipande kimoja. Siku nyingine linaliwa na kuku. Mpaka leo jamaa za kila mmoja wanadai mtu wao ndiye aliyeponya, na mie sina kesi nao. Najua tu kwamba hakuna aliyemwambia tena aache kiburi, ukimtoa Bi Siwema, ambaye hakuna aliyeweza kumzuia.

Redioni nako hatukupata sifa. Barua zilikuja mfuko mzima. Mtu wa Gongo la Mboto aliandika, "Tunataka kilio chetu kirudishwe." Mwingine akauliza kama Mwanahawa amepata kazi serikalini, maana amekuwa kama karani, ukimwuliza hajibu. Mzungu wa ghorofani alimwita Mwalimu kuhusu santuri, na Mwalimu akaeleza kwamba ilikuwa ajali ya kikazi. Lakini zilikuja barua nyingine, chache, mwandiko wa kujificha. Mume mmoja wa Bunju aliuliza mambo mawili tu: je, huyo Mwanahawa anasikia anaposemeshwa? Na mtu afanye nini? Mwalimu akanipa nimjibu, kwa kuwa mie ndiye fundi. Niliishika barua ile siku nyingi. La pili nililijua kidogo: angoje, amenye chungwa. La kwanza sikulijua. Nilikuwa nimemwigiza mwanamke yule miezi mingi na sikujua kama ndani mle kuna mtu anasikia.

Nikaja kulijua asubuhi moja, dukani kwa Ami, ukiwa mwezi wa saba tangu Bi Zuwena ashikwe. Nilikuwa naongea na Ami, na Bi Siwema yuko upenuni kwake anamwambia mteja, kwa ile sauti yake, kwamba mwanamke wa ndani ya ukuta hatapona, na Ami si mjinga, atatafuta wa kumpikia.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Akatoka Bi Zuwena. Kajitanda kanga, nywele zimesukwa nusu, upande wa pili bado. Miezi yote hiyo, ukitoa ile safari ya hospitali, alikuwa hajatia mguu nje. Akasimama mbele ya karai.

"Siwema," akasema. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa yake. "Siku ya mvua kubwa ulisema nimerogwa. Kesho yake ukasema najidai. Ijumaa ile walipokuja ndugu zangu ukasema wamekuja kunizika. Ukasema tende nakula bure. Ukasema nywele zangu zina chawa, na mteja wako Mwajuma alikuwepo, akacheka. Ukasema mume wangu ataoa binti wa Keko mwenye meno mazuri. Yote nimeyasikia. Moja moja. Nilikuwa sina nguvu ya kukujibu, nikawa nayaweka. Leo ninayo."

Na akaanza kujibu. Kwa utaratibu, kuanzia siku ya mvua.

Kitumbua kikaungua. Watu wakatoka kwenye nyumba zao, wanawake wakakimbia kuja kuamua ugomvi, na Ami Nassor akaruka meza ya duka, na umri wake ule, akasimama mbele yao mikono imetandazwa, mkononi bado ana upawa wa kupimia mchele.

"Msiwaamue!" akasema. "Nawaomba kwa Mungu, msiwaamue. Miezi saba sijaisikia sauti hiyo."

Tukamwacha. Alimaliza adhana ya adhuhuri ilipoanza, akaivuta kanga yake vizuri, akaingia ndani kuswali.